Njia ya Kwenda Chooni

Hotuba kwa wafugaji wa paka na mbwa, Mombasa

Assalamu alaykum. Na kwa nyote, hamjambo. Nawashukuru kwa kuja, hasa mliovuka feri kutoka Likoni na jua hili.

Jambo nililokuja nalo watu wengi huniambia kwa kunong'ona. Humleta paka achanjwe, chanjo ikaisha, wakawa wako mlangoni wanatoka, ndipo hugeuka: paka amekojoa kitandani. Amekojoa kwenye kochi. Amekojoa kwenye msala wa mama wa kuswalia. Kisha hufuata kauli mbili zinazoniuma. Ya kwanza: "Daktari, huyu paka ana inda." Ya pili: "Tumeamua tumpeleke soko la samaki, huko hatakosa chakula."

Safari hiyo ya sokoni ndiyo sababu nimesimama hapa. Paka aliyelelewa ndani hajui magari, hajui madume ya mtaani, hajui kugombania kichwa cha samaki. Na mara nyingi anapotupwa huwa tayari ni mgonjwa. Wazee wetu walisema paka wa nyumba haingwa. Sisemi hayo kumlaumu mtu. Kulala kwenye godoro linalonuka, kufua shuka hiyo hiyo kila asubuhi, kuswali juu ya msala unaoutilia shaka, hayo humchosha hata mtu mwenye moyo mpana. Lakini nakuomba wewe uliyefika mwisho wa subira: kuna kitu bado hujakitazama. Hujaitazama njia.

Ni njia hasa ninayoisema, ile anayoipita paka wako kutoka pale alipolala hadi pale ulipoweka beseni la mchanga, yaani choo chake. Katikati ya njia hiyo amelala nani? Nani anaweza kumfuata? Akishaingia, anaweza kutokea upande gani? Penye paka wawili watatu na mbwa juu yao, mara nyingi sana mkojo wa kitandani umeanzia hapo.

Lakini kabla ya njia, mwili. Paka anayekojoa nje ya beseni apimwe mkojo kwanza. Anaweza kuwa na kisukari, anaweza kuwa na figo zilizochoka, anaweza kuwa na mawe kwenye kibofu. Paka mzee huenda maungo yanamuuma tu, na ukingo wa beseni umekuwa mrefu kwake. Hayo yana matibabu yake, na hakuna kiasi cha mchanga mpya kitakachoyaponya.

Na kuna ugonjwa mmoja ninaotaka muujue vizuri, kwa sababu unakaa kati ya mwili na hofu. Kibofu kinawaka na kuuma, lakini ukipima hukuti bakteria wala mawe. Paka anaingia kwenye beseni, anachuchumaa, anatoa matone, anatoka, anarudi. Pengine analia. Pengine matone yana damu. Kati ya paka wanaoletwa na dalili za namna hii, zaidi ya nusu shida yao ni hii. Daktari Tony Buffington wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, aliufuatilia ugonjwa huu kwa miaka mingi, na mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha habari za paka 46 wa majumbani waliokuwa nao. Juu ya matibabu ya kawaida, waliwafundisha wenye paka kuirekebisha nyumba: mabeseni, mahali pa kujificha, mahali pa juu pa kupanda, michezo, na kupunguza uhasama kati ya paka na paka. Waliwafuatilia kwa miezi 10. Shida za mkojo zilipungua sana, na woga wa paka hao ukapungua pia. Mimi nikisoma hayo naelewa hivi: ukimwondolea paka hofu, umekitibu kibofu chake.

Wenye paka dume, hapa nisikilizeni kwa makini zaidi. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba na unaweza kuziba kabisa. Dume anayechuchumaa na kujikamua bila kutoa hata tone aletwe saa hiyo hiyo, iwe ni usiku, iwe ni Idi, iwe ni Krismasi. Mkojo ukizuiwa, uchafu unarudi kwenye damu, potasiamu inapanda, moyo unasimama. Siku mbili tatu zinatosha kumuua. Wengi hudhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta na kusubiri asubuhi. Usisubiri asubuhi.

Haya, turudi kwenye nyumba. Kwa nini paka ahangaishwe na mwenzake ambaye hajawahi kumpiga?

Paka wa nyumbani, huyu wa kwetu na wa dunia nzima, ametokana na paka pori ambaye mpaka leo anaishi Afrika na Mashariki ya Kati. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulilithibitisha hilo. Paka pori huyo huwinda peke yake, kwa sababu panya mmoja hawashibishi wawili. Mbwa wametoka kwenye ukoo wa wanyama wanaowinda kwa makundi, kwa hiyo wanajua kuombana radhi: mmoja hujilaza, mwingine humnusa, ugomvi umekwisha. Paka hana hiyo. Akikosana na mwenzake, suluhu yake ni kukaa mbali.

Mtasema, mbona Lamu paka wamejaa na wanaishi pamoja? Ni kweli, paka huweza kuishi kwa makundi penye chakula kingi, hasa mama na binti zake, au ndugu waliokua pamoja. Lakini watazameni wale wa Lamu pale samaki wanaposhushwa. Mmoja akitazamwa vibaya, hupanda ukuta akaondoka. Ana mapaa, ana vichochoro, ana magofu, na mchanga wa kuchimba ni kisiwa kizima. Sasa mchukue paka huyo umweke kwenye fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, madirisha yana nondo, beseni ni moja. Aende mbali wapi?

Nitawapa mfano wa nyumba moja, na nimebadilisha mambo kadhaa ili wenyewe wasijulikane. Kulikuwa na paka jike wa makamo, mwenyeji. Akaja jike wa pili, wakavumiliana. Akaja dume kijana, mchangamfu, kipenzi cha watoto. Mwisho akaja mtoto wa mbwa. Beseni lilikuwa moja tu, ndani ya choo, mwisho wa ujia mwembamba. Baada ya muda yule jike mkubwa akaanza kukojoa kwenye kapu la nguo chafu, kisha kitandani. Alipigwa. Alisuguliwa pua kwenye mkojo wake. Alifungiwa chooni usiku kucha ili "azoee". Tulipoupima mkojo wake tulikuta damu bila bakteria.

Nikaomba kwenda kuiona nyumba. Nikauliza dume hupenda kulala wapi mchana. Mama mwenye nyumba akanionyesha: katikati ya ujia, juu ya vigae, kwa sababu pana ubaridi. Wote waliniapia kwamba hawajawahi kuona paka hao wakipigana. Tukakaa kimya tukangoja. Jike akatoka chumbani. Dume hakusimama, hakunguruma, aliinua kichwa tu na kumkazia macho. Jike akasita, akakaa, akajilamba bega mara mbili tatu, kisha akarudi chini ya kitanda. Watoto waliona paka anajisafisha. Mimi nilimwona mtu aliyefukuzwa njiani.

Fikirieni nyumba ya vyumba vya kupangisha, choo kimoja mwisho wa ua. Jirani mkorofi ameweka kiti chake mlangoni pa choo hicho. Hakupigi, hakutukani; anakukodolea macho unapoingia, na unajua atakuwepo unapotoka. Utabana. Utabana mpaka usiku, na siku moja utashindwa. Hivyo ndivyo alivyoishi jike yule. Na paka anayebana mkojo huku roho iko juu, kibofu kinamuuma. Kikimuuma akiwa ndani ya beseni, analihusisha beseni na maumivu, analikimbia. Anatafuta mahali laini, penye harufu anayoiamini. Ndiyo maana huchagua kitanda chako na nguo zako. Hapo penye harufu yako ndipo anapojiona salama, na wewe ukadhani amekufanyia inda.

Kupiga hakusaidii hata kidogo. Paka haunganishi kofi la sasa na mkojo wa saa mbili zilizopita. Anachojifunza ni kwamba sasa katika nyumba hii kuna wawili wa kuogopwa.

Tulifanya nini? Kanuni ambayo madaktari wa paka wameishika kwa miaka mingi ni idadi ya paka ongeza moja. Paka watatu, mabeseni manne. Najua mnaguna, najua ukubwa wa nyumba za mjini. Ikiwa manne hayaenei, weka matatu, lakini yatawanye. Mabeseni mawili yaliyowekwa bega kwa bega ni kama beseni moja kwa paka, maana mlinzi mmoja anayalinda yote. Kwenye nyumba ile tuliweka moja chumbani alikolala jike, moja kwenye kona ya sebule nyuma ya kiti, moja kwenye kibaraza chenye wavu, na lile la chooni tukaliacha. Siku ya kwanza tu, akiwa chumbani peke yake, jike alichimba mchanga. Sikushangaa. Alikuwa akitaka kuchimba siku zote.

Mbwa ni habari nyingine. Mbwa wengi hupenda kula kinyesi cha paka, tusioneane haya, na hata asiyekula humfuata paka kwa furaha yake mpaka kwenye beseni na kumngoja nje. Paka hajui kwamba ile ni furaha. Tafuta kizuizi cha mbao au wavu mlangoni, chenye upenyo wa paka kupita na mbwa asipite, au kiinue kidogo kutoka sakafuni paka apite chini yake. Ikiwa mbwa wako ni mdogo kuliko paka, basi beseni lipande juu, kwenye meza imara. Usilifiche ndani ya sanduku lenye mlango mmoja. Binadamu tunapenda choo kilichofunikwa. Paka anayeviziwa anapenda aone pande zote na awe na pa kutokea.

Beseni lenyewe liwe kubwa. Nyingi zinazouzwa ni ndogo mno. Urefu wake uwe kama mara moja na nusu ya paka, ukipima kutoka pua hadi shina la mkia. Beseni la kufulia au boksi la plastiki la kuhifadhia nguo, ukilikata upande mmoja awe na pa kuingilia kwa urahisi, hushinda vile vya dukani kwa bei na kwa nafasi. Ukingo uliokatwa usugue kwa msasa usimkate.

Kuhusu mchanga, msivunjike moyo kwa bei za supamaketi. Ule udongo wa mifuko ulianza Marekani mwaka 1947, pale Edward Lowe alipompa jirani yake udongo wa kunyonyea mafuta ya mashine, maana jirani alikuwa akitumia majivu na paka wake akiacha nyayo nyeusi nyumba nzima. Kabla ya hapo paka waliishi na watu kwa maelfu ya miaka bila mifuko hiyo. Mchanga laini wa ujenzi, uuchekeche, uuanike juani, unafaa. Ule wa ufukweni una chumvi na hushika unyevu, siupendi. Maranda ya mbao paka wengine huyakubali na wengine huyakataa. Jaribu mawili kwa wakati mmoja katika mabeseni mawili, umwachie achague mwenyewe, na akishachagua usimbadilishie ghafla. Usitie manukato. Harufu ya waridi inayokufurahisha wewe inampiga puani yeye aliyeinama sentimita chache juu yake.

Zoa kila siku, mara mbili ukiweza. Mwaga yote na kuosha kwa sabuni ya kawaida kila wiki. Mchanga wa ujenzi huenda ukahitaji mapema zaidi. Na kwa kuwa kila mara naulizwa habari ya wajawazito: vijidudu vya toksoplasma vinavyotoka na kinyesi cha paka huhitaji angalau siku moja hivi kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kuzoa kila siku ni kinga kubwa. Mjamzito aachie mwingine kazi hiyo, au avae glavu na anawe. Hana haja ya kumfukuza paka.

Sasa usafi wa pale alipokojoa, na hapa nakaa kidogo, kwa sababu katika nyumba zetu ndipo hasira inapopandia. Wengi tumefundishwa habari ya Abu Qatada, aliyeuinamisha mtungi wa maji ya udhu ili paka anywe, akaeleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Mate yake basi hayana tatizo. Mkojo ni najisi, na kila mwenye kuswali ana haki ya kuhangaika msala wake ukikojolewa. Kutwaharisha fanyeni kama mlivyofundishwa. Ninaloongeza ni kwa ajili ya pua ya paka, maana kitu kinaweza kuwa tohara na kisinuke kabisa kwako, lakini yeye bado anasoma pale: choo.

Usimwage dawa ya klorini. Ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma mapafu, yako na yake. Na ile dawa ya maji ya kahawia inayogeuka nyeupe ukiitia kwenye ndoo, iweke mbali na paka kabisa. Ini lake haliwezi kushughulika na kemikali za namna ile, na anapojilamba miguu anazimeza. Tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya, soma pakiti uhakikishe, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji ya uvuguvugu. Loweka, suuza, acha ikauke, kisha pitisha spiriti ya hospitali, lakini jaribu kwanza kwenye pembe ya kitambaa isije ikatoa rangi. Godoro lililonywa mkojo kwa miezi, sema kweli nafsini mwako, huenda limekwisha.

Kitu kimoja nisisahau: kuna kukojoa na kuna kurusha. Anayechuchumaa na kuacha dimbwi anatafuta choo. Anayesimama, mkia juu ukitetemeka, akarusha ukutani au kwenye pazia, anaweka alama ya mpaka. Dume ambaye hajahasiwa ndiye bingwa wa hilo, na kuhasiwa huwakomesha walio wengi. Lakini paka aliyehasiwa anayerusha karibu na dirisha au mlango anakwambia kuna paka wa nje anayemtia wasiwasi. Funika sehemu ya chini ya dirisha hilo asimwone.

Maji nayo. Paka wengi hawanywi vya kutosha, na mkojo mzito unaumiza kibofu. Usimpe dagaa wakavu peke yao. Chemsha bila chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwake, umpe na mchuzi wake. Weka bakuli za maji zaidi ya moja, mbali na chakula na mbali na beseni, na kila paka ale mahali ambapo hamwoni mwenzake akila.

Ikiwa uhasama umekomaa, watenganisheni kabisa. Mmoja akae chumba chenye kila kitu chake. Walishwe pande mbili za mlango uliofungwa. Badilishana matandiko yao ili kila mmoja azoee harufu ya mwenziwe akiwa ametulia. Kisha mlango ufunguliwe upana wa kidole, kisha wavu, kisha dakika chache pamoja huku wakicheza na kula. Inachukua wiki, pengine miezi. Nyumba ile niliyowaambia ilipata nafuu ndani ya wiki chache, kisha wakaja wageni wa harusi, nyumba ikajaa, jike akarudia kitandani. Hawakumpiga safari hii. Walimrudisha chumbani kwake mpaka wageni walipoondoka, akatulia tena.

Na wapo paka ambao hawataelewana, hata ufanye yote. Hapo kumtafutia mmoja nyumba nyingine isiyo na paka, kwa mtu uliyemweleza ukweli wote, ni huruma. Hilo sina ugomvi nalo, nami nitakusaidia kutafuta. Soko la samaki ndilo ninalolipinga.

Kwenye meza hii kuna karatasi na kalamu. Kila mmoja achukue, achore nyumba yake: milango, kitanda, jikoni, beseni. Weka alama pale kila paka anapolala mchana na pale mbwa anapolala. Kisha chora mstari kutoka kwa yule paka mwenye shida hadi kwenye beseni. Nitapita kwa kila mmoja tutazame pamoja mstari huo unakatiza wapi.